Charles Dickens na Nyumba ya Mizuka

Katika Uingereza mwezi wa Desemba ni wa baridi kali. Mjini London jua huchwa kabla ya saa kumi, na usiku ni mrefu mno. Zamani, siku za Krismasi, watu waliuzunguka moto wakahadithiana habari za mizuka, mpaka watoto wakaogopa kwenda kulala. Katika watungaji wa hadithi hizo, mwenye sifa kubwa ni Charles Dickens.

Alizaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812. Yaya wake alikuwa akimsimulia mambo ya kutisha wakati wa kulala, naye hakuyasahau hata utu uzimani. Lakini mwaka 1824 ilimpata hofu iliyo kubwa zaidi. Baba yake alifungwa gerezani kwa ajili ya deni. Vyombo vya nyumbani vikauzwa kidogo kidogo ili wapate chakula, na Charles, mtoto wa miaka 12, akatiwa katika kiwanda cha dawa ya viatu, penye panya wengi. Kutwa alibandika karatasi juu ya vikopo, kwa mshahara wa shilingi 6 kwa juma.

Alipokua akawa mwandishi. Mnamo Desemba 1843 alitoa kitabu A Christmas Carol, habari za bahili aliyejiwa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi. Nakala 6,000 zikaisha kwa siku chache.

Mwaka 1859 alikuwa na gazeti lake mwenyewe. Mwandishi mmoja, William Howitt, aliyesadiki kabisa kwamba mizuka iko, alikasirika kwa kuona gazeti lile likiwadhihaki wenye imani hiyo. Dickens akamwomba amtajie nyumba yenye mizuka, apate kwenda kuitazama kwa macho yake. Howitt akamtajia, na moja ilikuwa Cheshunt, kaskazini ya London. Basi katika baridi ile Dickens na wenziwe wakashika njia. Walitafuta, wasione mzuka wo wote. Nadhani safari yenyewe haikumchukiza, maana kwenda maili 20 kwa miguu kwake halikuwa jambo kubwa.

Krismasi ile ile gazeti lake lilileta hadithi ya nyumba ya mizuka, aliyoitunga pamoja na waandishi wengine. Watumishi wa nyumba ile wanatiana hofu: kengele ikilia, ni mzuka; mbwa akilia, ni mzuka. Bwana wao anawaondoa, anakaa humo na rafiki zake. Na mzuka anaouona chumbani mwake ni utoto wake mwenyewe: mtoto aliyefiwa na baba, ambaye mali yao yote imeuzwa, hata kitanda chake kidogo.

Wasomaji walidhani ni hadithi tu. Habari za kiwanda Dickens alikuwa amezificha, hata watoto wake hawakuzijua. Krismasi ya mwaka 1869, iliyokuwa ya mwisho kwake, walicheza nyumbani mchezo wa kukumbuka maneno, kila mtu akiongeza lake. Zamu yake ilipofika, Dickens alitaja jina la kiwanda kile na mtaa wake, kwa sauti isiyo ya kawaida. Hakuna aliyeelewa, na mchezo ukaendelea. Alikufa tarehe 9 Juni 1870. Ndipo rafiki yake John Forster alipoandika maisha yake, na mwanawe Henry, aliyekuwapo usiku ule, akajua maana ya jina lile.