Nam June Paik: Mkimbizi wa vita aliyegeuza televisheni mbovu kuwa sanaa
Nam June Paik, Mkorea anayetajwa kuwa baba wa sanaa ya video, alizaliwa Seoul tarehe 20 Julai 1932. Mwaka 1950 familia yake ilikimbia vita vya Korea, ikapitia Hong Kong na kuhamia Japani. Alihitimu Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1956, kisha akaenda Ujerumani kuendelea na masomo ya muziki.

Machi 1963, mjini Wuppertal, alionyesha televisheni alizozichokonoa ili picha zivurugike. Moja iliharibika ikisafirishwa, ikabaki na mstari mmoja tu katikati ya kioo, hitilafu ambayo mafundi wa Goma wanaijua vizuri. Paik hakuitupa. Aliisimamisha kwa ubavu, mstari ukawa wima, nayo ikahesabiwa kazi ya sanaa.

Mwaka 1965, akiwa New York, aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni, picha ikajipinda. Mtazamaji aliyezoea kupokea tu aliona kwamba kioo kinaweza kujibiwa. Mwaka 1974 aliweka sanamu ya Buddha mbele ya kamera, ikijitazama yenyewe kwenye televisheni.

Kwa Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya 1988, alijenga mnara wa televisheni 1,003. Alipata kiharusi mwaka 1996, akafariki Miami, Marekani, tarehe 29 Januari 2006.

Mnara huo ulizimwa mwaka 2018 kwa uchakavu. Mafundi walitengeneza vioo vingi, vingine wakavibadilisha, ukawashwa tena mwaka 2022.