Gor Mahia: Mjukuu Aliyemzaa Babu Yake

Ada ya makabaila duniani kote ni moja: mjukuu hula jina la babu. Babu alipigana vita, akapewa ardhi na cheo, kisha vizazi vinavyofuata vikaketi chini ya kivuli cha jina lake, vikivuna palipopandwa na mwingine. Leo nataka kumzungumzia mtu wa Nyanza Kusini ambaye mambo yake yalikwenda kinyume cha ada hiyo. Kwake yeye, mjukuu ndiye aliyempa babu jina.

Mtu huyo ni Gor Mahia. Wengi humjua kwa sababu ya kandanda. Wanafunzi wanaovaa fulana za kijani na kuimba K'Ogalo uwanjani ni maelfu, na nathubutu kusema kwamba wengi wao hawajui kuwa neno hilo si jina la timu hata kidogo. Ni jina la mzee, na ndani yake mna nasaba nzima. Gor alikuwa wuod Ogada, nyakwar Ogalo. Yaani mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. K'Ogalo maana yake ni kwa Ogalo, au watu wa nyumba ya Ogalo. Hivyo basi, kila mara shabiki anapopaza sauti, hutaja kizazi cha tatu cha familia moja ya Kanyamwa, katika nchi ya Ndhiwa, ambayo leo imo katika kaunti ya Homa Bay, jirani na Migori.

Tuanze na nasaba yenyewe, maadamu ndiyo iliyobeba kisa. Kwa Kiluo, silabi Ka mwanzoni mwa jina la mahali huonyesha nyumbani kwa mtu fulani, na inapokutana na irabu hufupishwa. Karachuonyo ni kwa Rachuonyo. Kanyamwa yenyewe imegawanyika, na hata majina ya wadi za uchaguzi za Ndhiwa yanafuata mgawanyiko huo: iko Kanyamwa Kologi, na iko Kanyamwa Kosewe. Mpiga kura anayesoma karatasi ya kura huwa anasoma ukurasa wa shajara ya ukoo bila kujua. Ukivuka kuingia Migori hali ni ile ile: Kadem, Karungu, Kanyamkago. Ramani ya nchi hii ni orodha ya wahenga iliyotandazwa juu ya ardhi.

Waluo huita tawi la ukoo dhoot, neno linalotokana na mlango wa nyumba. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani nasi watu wa ukoo mmoja huwaita watu wa mlango mmoja. Mlango huo, aghalabu, ulikuwa wa mke. Mzee mwenye wake kadhaa aliacha nyumba kadhaa, na wana wa kila mama wakawa chipukizi la tawi jipya. Kwa hiyo, ijapokuwa nasaba huhesabiwa kwa wanaume, mahali mti unapoachana matawi pamesimama mwanamke. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Sasa Gor mwenyewe. Alikulia Kanyamwa katika karne ya 19, zama ambazo mali ilikuwa ng'ombe na usalama ulikuwa ukuta. Nchi hiyo ya kati ya ziwa na nyanda za kusini ilijaa maboma ya mawe na udongo, na mifugo ilikuwa ikinyakuliwa mara kwa mara na wavamizi. Katika mazingira hayo, mtu hakuwa ruoth kwa kuzaliwa tu. Kuwa wa nyumba inayoheshimika kulisaidia, lakini hakukutosha. Ruoth alipaswa kuwa na mifugo ya kuwalisha wageni, ulimi wa kuwapatanisha wanaogombana, na ujasiri au maarifa ya kuwalinda watu wake. Wazee wa baraza walimsikiliza maadamu alikuwa na manufaa. Alipoishiwa na manufaa, watu waliweza kumgeuzia kisogo na kumfuata mwingine.

Gor alikuwa na manufaa ya aina ya pekee. Alikuwa jabilo, mtaalamu wa dawa za vita na uaguzi, mtu ambaye watu hawakwenda vitani wala hawakuhama bila shauri lake. Masimulizi yanasema aliweza kujigeuza atakavyo. Aliyemwendea asubuhi alimkuta kijana, na aliyerudi jioni alimkuta kikongwe asiyeweza kusimama. Mara alikuwa jiwe, mara mnyama, mara mwanamke. Kwa ajili ya maajabu hayo akapewa jina la Mahia, neno la Kiluo lenye maana ya muujiza au kiinimacho. Wasomaji watambue kwamba jina hilo halikutoka kwa baba wala kwa babu. Alilipata kwa matendo yake, na watu ndio waliompa.

Kisha ukaja wakati wa Waingereza. Mwaka 1902 nchi za ziwani zilihamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuwatambua wakuu wa vijiji, watu ambao kazi yao ilikuwa kuweka amani, kutengeneza barabara na kusaidia kukusanya kodi ya nyumba. Mwaka 1903 kituo cha serikali kilifunguliwa Karungu, kando ya ziwa, mahali ambapo leo ni Migori. Na mwaka 1907 makao yakahamishiwa Kisii. Katikati ya matukio hayo, mnamo 1906, wamishonari Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walipiga kambi Gendia, karibu na Kendu Bay. Katika muda wa miaka mitano, basi, Kanyamwa ilizungukwa na daftari la kodi upande mmoja na Biblia upande mwingine.

Mimi huvisoma visa vya kujigeuza kwa Gor nikiikumbuka hali hiyo. Mtawala mgeni alimtaka kila mtu awe na sura moja, jina moja na nyumba moja ya kuhesabiwa. Kiongozi anayeonekana kikongwe mbele ya afisa na kijana mbele ya watu wake ni kiongozi asiyeweza kuandikwa daftarini. Huenda mwanahistoria akataka ushahidi wa jiwe lile na mnyama yule. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba kisa hudumu kwa sababu kina haja ya kutimiza, na haja ya watu wa wakati ule ilikuwa kuamini kwamba yupo mmoja wao ambaye serikali haikuweza kumshika kwa mkono. Si ajabu kwamba katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1913, imani ya Mumbo ilienea Nyanza ikiwaahidi watu kwamba wageni wangeondoka. Mwaka 1914 Wajerumani waliposhambulia Kisii, mataifa ya kigeni yalikuwa yakipigana vita vyao juu ya ardhi ya watu wengine. Gor aliiona dunia hiyo ikigeuka. Kifo chake huwekwa takriban mwaka 1920.

Hapa naomba tuvuke bahari kidogo, tuwatazame makabaila waliokuwa Kenya wakati Gor yu hai. Mwaka 1899 Lodi Delamere alimwoa Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen, kutoka familia kubwa ya Ayalandi. Kaka zake wawili, Berkeley na Galbraith, walimfuata dada yao na kuwa walowezi mashuhuri. Nasaba ya akina Cole inajulikana wazi hadi kwa Sir William Cole, aliyepewa ardhi ya Enniskillen mwanzoni mwa karne ya 17, wakati ambapo Waairishi wenyewe walikuwa wakinyang'anywa mashamba yao. Jamaa hao wa ukoo wenye hati walikuja kufanya katika Bonde la Ufa kile ambacho mhenga wao alikuwa amefanya Ayalandi miaka mia tatu kabla. Nasaba ndefu haikuwa dhamana ya tabia njema: mwaka 1911 Galbraith alifukuzwa nchini baada ya kumpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo, ilhali wazee wa mahakama, Wazungu wenzake, walikuwa wamemwachilia huru.

Lakini Waairishi wa asili nao walikuwa na nasaba zao, na namna yao ya kuzitaja ingemfurahisha mzee wa Ndhiwa. Mac katika majina yao maana yake ni mwana wa, na ile O tunayoiona katika O'Neill asili yake ni mjukuu, au mzao wa. Huo ndio wuod na nyakwar wa Kiluo. O'Neill na Ogalo ni majina ya mbali sana, ila kanuni iliyowalea wenye majina hayo ni moja. Fauka ya hayo, kitabu mashuhuri kuliko vyote cha nasaba za makabaila wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1826 na John Burke, mzaliwa wa Ayalandi. Na bado, mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Dublin, jengo la nyaraka za taifa liliteketea na kumbukumbu za karne nyingi zikawa majivu. Karatasi nayo hufa. Anayedharau kumbukumbu ya mdomo kwa sababu ya udhaifu wake na akumbuke moto huo.

Tofauti iko wapi basi? Cole wa Kenya aliheshimiwa kwa sababu ya Cole wa Enniskillen. Ogalo wa Kanyamwa anatajwa kwa sababu ya Gor. Walikuwapo wazee wengi katika kizazi cha Ogalo, wenye ng'ombe wengi na wake wengi, na majina yao leo yanajulikana na jamaa zao tu. Mjukuu mmoja alifanya jambo, na babu yake akafufuka. Mwaka 1968 timu za Luo Union na Luo Stars zilipoungana, timu mpya iliitwa Gor Mahia. Baadaye serikali ilipokataza klabu kuwa na majina ya kikabila, mzee wa Kanyamwa alifichwa kwa werevu, Gor ikafanywa kuwa herufi za mwanzo za Gulf Olympic Rangers. Yule aliyejua kujigeuza akajigeuza tena! Muda si muda jina la asili likarejea, na mwaka 1987 timu ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, jina la Ogalo lilivuka mipaka ambayo mwenyewe hakuiota.

Nasema haya kwa sababu nasaba imeanza kutumiwa vibaya miongoni mwetu. Wako wanaodai vyeo kwa kuwa babu zao walikuwa machifu. Wako pia wanaofungua shajara ya ukoo ili kumwonyesha jirani kwamba yeye ni jadak, mtu aliyekaribishwa tu, asiye na haki ya kusema juu ya ardhi ambayo wazazi wake wamezikwa. Mashamba huko Migori na Homa Bay yamekuwa madogo, na majina ya wahenga yamegeuzwa panga. Hao wanaisoma nasaba kichwa chini. Abasuba wa Rusinga na Mfangano walitoka upande wa Buganda, na wengi wao leo huzungumza Kiluo kama lugha ya mama. Ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga huko Migori, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, ilikaliwa na makundi mbalimbali, ya Kibantu na ya Kinailoti. Mmoja alihama, mwingine akaingia na kuzikarabati kuta zile zile. Kuta hizo hazina saruji, nazo zimesimama kwa sababu mawe ya kila umbo yalipangwa yakashikana. Jamii za pande hizi zimejengwa hivyo hivyo.

Kwa walimu nina ombi. Wanafunzi wanapoagizwa kuchora mti wa ukoo, wasiridhike na orodha ya wanaume. Waulize mama wa kila tawi alikuwa nani, na alitoka kwa watu gani, kwani yeye ndiye mlango. Waulize ni nani alikaribishwa akawa ndugu. Wayaweke majina sambamba na matukio yenye tarehe, kama vita vya 1914, kisha wayalinganishe na orodha za koo jirani. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluo wa Kusini, na ndiyo iliyowathibitishia wasomi wa dunia kwamba kumbukumbu za wazee zinaweza kuwa msingi wa historia. Kazi hiyo haingoji, kwa kuwa wanaozijua nasaba hizo wanazikwa kila Jumamosi.

Nanyi wanafunzi, mkishamaliza kuandika majina ya waliowatangulia, acheni nafasi chini ya ukurasa. Gor hakuuliza Ogalo alimwachia cheo gani. Alitenda, na watu wakamwita Mahia. Hapana shaka kila mmoja wenu ana Ogalo wake, mzee ambaye nje ya boma lake hakuna anayemjua. Akibaki bila kujulikana au akitajwa, hilo si juu yake tena, ni juu yenu.