Hubble: Kutoka riadha hadi nyota

Nilikuwa mkimbiaji kambini Dzaleka, wilayani Dowa, hadi goti liliponigomea. Siku hizi nanunua bidhaa Lilongwe na kuziuza kambini. Nikijiona nimechelewa kuanza upya, namkumbuka Edwin Hubble.

Alizaliwa Missouri, Marekani, Novemba 20, 1889. Shuleni aling'ara katika riadha. Chuo Kikuu cha Chicago alicheza mpira wa kikapu. Baba yake alitaka awe mwanasheria, naye akatii, akaenda kusoma sheria Oxford, Uingereza. Mwaka 1913 baba akafariki. Hubble alirudi nyumbani, akafundisha sekondari mwaka mmoja, na mwaka 1914, akikaribia miaka 25, akarudi darasani kusomea elimu ya nyota.

Mwaka 1923, kwa darubini ya Mlima Wilson, California, aliona ndani ya Andromeda nyota iliyomwezesha kupima umbali wake. Ikajulikana kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, nje ya hii yetu. Mwaka 1929 akaonyesha kuwa galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zinazotukimbia kwa kasi zaidi.

Alifariki Septemba 28, 1953. Darubini ya angani iliyorushwa 1990 ina jina lake.

Ndugu yangu unayerejea nyumbani mikono mitupu, miaka uliyopoteza isikuzuie. Anza.