Mwalimu Blasio Kigozi wa Gahini

Ninyi walimu wa Tunduma na Mbozi mnaoshika chaki siku tano na kusoma somo kanisani siku ya Bwana, habari hizi zawahusu. Blasio Kigozi alikuwa mwalimu kama ninyi.

Alikuwa Mganda, ndugu mdogo wa Simeoni Nsibambi wa Kampala. Mwaka 1929 aliiacha nchi yake akaenda Gahini, mashariki ya Rwanda, penye hospitali na shule za misioni ya Kianglikana. Alifundisha kwa bidii, na baadaye akapewa ushemasi. Kwa macho ya watu hakupungukiwa na kitu.

Yeye mwenyewe aliona vingine. Kanisa lilikuwa limepoa, naye alitambua ya kuwa ubaridi ule haukuwa wa wengine tu. Basi mwaka 1935 akajifungia nyumbani mwake muda wa juma zima, akisali na kusoma Biblia. Hakuingia humo kutengeneza hotuba. Mtu akikaa siku saba mbele ya Kristo aliye mtakatifu, pasipo darasa la kumficha wala sifa za kumfariji, hujiona alivyo. Hata Isaya hakutumwa kabla midomo yake haijaguswa kwa kaa la moto.

Alipotoka, hakuanza na mimbari. Alikiri makosa yake mbele ya mkewe na watoto wake, akawaomba radhi. Nadhani hilo lilikuwa gumu kuliko kuhubiri, maana watu wa nyumbani hawadanganyiki na kanzu. Ndipo akaenda shuleni kushuhudia, na maneno yake yakawachoma walimu na wanafunzi pia.

Siku zake zilizobaki zilikuwa chache. Septemba 1935 alihubiri Kabale pamoja na Daktari Joe Church na wenzao. Januari 1936 alikwenda Kampala kwa ajili ya sinodi, akiwa na maswali yake tayari: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini waishio dhambini waziwazi wanaikaribia Meza ya Bwana, na lifanyike nini ili liamke. Homa ikamshika, akafa kabla ya kuyasema. Hata hivyo maswali yale yalifikishwa mbele ya sinodi. Na jubilei ya miaka 60 ya kanisa la Uganda, mwaka 1937, Askofu Cyril Stuart aliifanya kuwa wakati wa kuwaita watu watubu.