Schumacher, mchumi aliyetetea mtaji mdogo

Ernst Friedrich Schumacher alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1911. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa alikuwa Mjerumani aliwekwa kizuizini kwa muda. Msomi huyu wa Oxford alifanya pia kibarua shambani. Baadaye alishauri shirika la umma la makaa ya mawe kwa miaka 20.

Mwaka 1955 alikwenda Burma kama mshauri wa uchumi, na huko ndiko mawazo yake yalikogeuka. Nchi maskini zilikuwa zikishauriwa kununua mitambo mikubwa: vipuri hadi ng'ambo, ajira za wachache, deni la wote. Yeye akataka kifaa cha katikati, kinachozidi jembe la mkono lakini hakifikii bei ya trekta, na fundi wa mtaani aweze kukitengeneza. Mwenye mtaji wa kibanda atamwelewa haraka kuliko waziri.

Mwaka 1966 yeye na wenzake walianzisha shirika la kueneza vifaa hivyo, sasa Practical Action. Alifariki mwaka 1977 akiwa safarini Uswisi. Miaka baadaye, vikundi vya wanawake magharibi mwa Kenya vilifinyanga na kuuza majiko ya Upesi kwa msaada wa shirika hilo.