Mfalme wa taya refu, na mwanao wa miaka minane

Mzazi, mwambie mwanao aume meno ya nyuma kwa pamoja, kisha mtazame. Kama meno ya mbele ya chini yanakaa mbele ya yale ya juu, anayo hali aliyokuwa nayo mmoja wa watawala wenye nguvu kuliko wote Ulaya, Charles wa Tano.

Alizaliwa mwaka 1500 mjini Ghent, ambao leo uko Ubelgiji. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akalelewa na shangazi yake, Margaret. Akiwa na miaka 16 alirithi Hispania, na akiwa na miaka 19 akachaguliwa kuwa Kaisari. Milki yake ilivuka bahari hadi Mexico na Peru, lakini meno yake hayakukutana. Waliomwona ujanani waliandika kwamba kinywa chake kilikaa wazi muda mwingi. Kutafuna kulimtaabisha, na maneno yake hayakusikika vizuri. Baadaye alifuga ndevu, na katika picha alizochorwa na Titian kidevu kinaonekana cha kawaida kuliko kilivyokuwa.

Alipenda mno nyama na bia, akaugua jongo hadi akashindwa kutembea vizuri. Hilo tusilisingizie taya! Aliachia madaraka, akahamia kando ya monasteri ya Yuste, Hispania, akafa huko kwa malaria mwaka 1558.

Taya lilibaki katika ukoo. Charles alimwoa binamu yake, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kuoana ndugu kwa ndugu. Kilembwe wake, Charles wa Pili, aliyezaliwa na mjomba na mpwa wake, alipata shida kubwa ya kutafuna na akafa mwaka 1700 bila mtoto. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania waliwapa madaktari wa upasuaji wa taya picha 66 za ukoo huo wazichunguze. Waligundua kitu ambacho wazazi wengi hawakitarajii: zaidi ya taya la chini kuchomoza, baadhi yao walikuwa na taya la juu lililobaki nyuma.

Hapo ndipo penye nafasi yako. Tunasikia mara nyingi kuwa mtoto amechukua sura ya babu yake, basi aachwe akue, atapasuliwa akiwa mkubwa. Kurithi ni kweli. Kusubiri ndiko kunakogharimu, kwa sababu taya la juu huvutika mbele vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 10. Mtaalamu wa kupanga meno humvalisha kifaa kinachoegemea paji la uso na kidevu, chenye vimpira vinavyovuta taya la juu polepole. Mara nyingi huongeza kifaa kingine cha kupanua kaakaa. Ikiwa ni meno tu yaliyoinama vibaya na mifupa iko sawa, kazi huwa nyepesi zaidi.

Huko Uingereza, watoto wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, wengine wakivaa kifaa hicho na wengine bila kukivaa. Miaka sita baadaye, wataalamu waliona upasuaji unahitajika kwa asilimia 36 ya waliotibiwa, na asilimia 66 ya wasiotibiwa. Ndiyo, wapo ambao bado watahitaji kisu, hasa taya la chini likiendelea kurefuka wakati wa kubalehe, na upasuaji huo husubiri hadi ukuaji uishe. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa mapema aendelee kuangaliwa kila mwaka.

Mpeleke achunguzwe akifikisha miaka saba, hata kama meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Na akikuuliza kama wenzake watamcheka, mwambie kifaa huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, nyingi zikiwa za jioni na usiku, hivyo shuleni anaweza kwenda bila hicho kifaa.