Edward Jenner, Mganga wa Ndui

Mtazame babu yako au bibi yako mkono wa juu, karibu na bega. Huenda ukaona kovu la duara, limebonyea kidogo kama alama ya kidole katika unga. Wazee wengi wa Butembo, wa Beni na wa Lubero wanalo. (Kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu, ambalo pengine wewe mwenyewe unalo, ni jingine, usiyachanganye.) Kovu hilo la wazee ni la chanjo ya ndui. Vijana hawanalo, kwa kuwa ndui haiko tena duniani. Basi sasa utasoma habari za mtu aliyewafundisha waganga kuchanja.

Ndui ulikuwa ugonjwa wa kutisha. Mtu alishikwa na homa kali, mgongo ukamwuma, kisha mwili wote ukajaa vipele vyenye usaha, hata ndani ya kinywa. Katika wagonjwa kumi, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Ndui haikuchagua tajiri wala maskini. Iliingia katika nyumba za wafalme kama ilivyoingia katika vibanda.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749, katika mji mdogo wa Berkeley, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiingereza. Edward alipokuwa na umri wa miaka mitano, baba na mama wote wawili walifariki, naye akalelewa na ndugu zake wakubwa.

Siku zile watu walikuwa na njia moja ya kujikinga. Walitwaa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wakamchanja nao mtu mzima wa afya, ili augue ndui nyepesi na asiugue tena. Njia hiyo ilijulikana tangu zamani huko Uchina, Bara Hindi na Uturuki, na katika Afrika pia. Katika mji wa Boston, mtumwa mmoja Mwafrika aliyeitwa Onesimus ndiye aliyemweleza bwana wake habari hizo. Lakini njia hiyo ilikuwa na hatari mbili. Wengine waliochanjwa walikufa. Tena aliyechanjwa alikuwa na ndui ya kweli, akaweza kuwaambukiza jirani zake.

Edward alichanjwa hivyo alipokuwa na miaka minane hivi. Kwanza walimnyima chakula cha kutosha na kumtoa damu, kwa kuwa waganga wa siku zile walidhani kufanya hivyo kwasafisha mwili. Kisha wakamchanja, wakamfungia katika banda la farasi pamoja na watoto wengine mpaka ugonjwa upite. Akapona, lakini kwa muda mrefu baadaye hakupata usingizi mzuri. Labda ndiyo sababu hakuisahau ndui maisha yake yote.

Alipokuwa kijana alifundishwa kazi na mpasuaji mmoja wa shamba. Mwaka 1770 akaenda London kwa daktari mashuhuri, John Hunter. Huyo alimzoeza kujaribu jambo na kulitazama kwa macho, asiridhike na kulikisia tu. Jenner angeweza kukaa London apate fedha nyingi, lakini alirudi kwao Berkeley. Alipenda mashamba, ndege na wanyama. Alichungulia viota akaona jinsi kinda la ndege aitwaye kekeo, likiwa bado kipofu na halina manyoya, linavyowasukuma makinda wenziwe kwa mgongo mpaka waanguke nje ya kiota. Wataalamu wengi walikataa kusadiki. Hata hivyo mwaka 1789 walimpokea katika chama chao kikuu, kwa ajili ya kazi hiyo ya ndege.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Mtoto wa milima ya Lubero aliyezoea kukamua atafahamu upesi. Ng'ombe wa Ulaya walipatwa mara kwa mara na vidonda katika chuchu, navyo viliitwa ndui ya ng'ombe. Wakamuaji wakaambukizwa mikononi: kidonda kimoja au viwili, homa ndogo, basi yameisha. Na wanakijiji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba mkamuaji aliyepata vidonda hivyo hashikwi na ndui. Mwaka 1774 mkulima mmoja aliyeitwa Benjamin Jesty alimchanja mkewe na watoto wake wawili kwa usaha wa ng'ombe, ndui ilipofika katika wilaya yake. Majirani walimcheka na kumtukana. Yeye hakuandika kitu, wala hakuendelea na kazi hiyo.

Jenner alisikiliza maneno ya wakamuaji miaka mingi. Tarehe 14 Mei 1796 aliamua kujaribu. Msichana mkamuaji, Sarah Nelmes, alikuwa na vidonda mkononi alivyovipata kwa ng'ombe aliyeitwa Blossom. Jenner akatwaa usaha katika kidonda kile, akamchanja mkononi mtoto James Phipps, mwana wa mtunza bustani wake, mwenye miaka minane. Mtoto akapata homa kidogo, akakosa hamu ya kula siku moja, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja tena, na safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Wakangoja. Mtoto hakuugua.

Tusimame hapa kidogo. Siku hizi hakuna daktari anayeruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo. Je, kama Jenner angekuwa amekosea? James angeweza kufa, na hakuna aliyemwuliza kama ataka au hataki. Baadaye Jenner alimpa James nyumba akae bila kulipa kodi, na James aliishi miaka mingi. Lakini swali lile halikuondoka: nani ana haki ya kuutolea uamuzi mwili wa mwenzake? Utaona jinsi lilivyorudi mara nyingi, hata likafika kwetu.

Jenner aliandika habari za James, wataalamu wa London wakazikataa, wakasema mtoto mmoja hatoshi. Akaongeza majaribio, na mwaka 1798 akachapa kitabu kwa fedha zake mwenyewe. Ndipo mabishano yakaanza. Wengine walisema si haki kutia kitu cha mnyama katika mwili wa mtu. Mwaka 1802 mchoraji mmoja alichora watu waliochanjwa wakiota ng'ombe wadogo puani, mikononi na mapajani, na watu wakacheka sana. Waganga waliokuwa wakipata fedha kwa njia ya zamani walichukia pia, na hao hawakuwa wakicheka.

Hospitalini kulitokea jambo baya kuliko picha ile. Katika hospitali ya ndui ya London, mwaka 1799, daktari mmoja alianza kuchanja mamia ya watu kwa dawa ya ng'ombe. Lakini aliwachanjia mahali palepale walipolala wagonjwa wa ndui. Wengi wakatoka vipele mwili mzima, kwa maana dawa ilikwisha kuchanganyika na ndui ya kweli. Maadui wa chanjo wakafurahi. Jenner alieleza kwamba dawa ile ilikuwa imechanganyika na ndui; maana mganga aweza kuubeba ugonjwa kutoka kitanda hata kitanda, na dawa nzuri katika mikono isiyo safi si dawa tena.

Hata hivyo kazi ilienea upesi. Napoleoni, aliyekuwa akipigana na Waingereza, aliamuru askari zake wachanjwe. Mwaka 1803 mfalme wa Hispania alipeleka chombo Amerika chenye watoto yatima 22. Hapakuwa na barafu wala chupa za kuhifadhi dawa, kwa hiyo watoto walichanjwa wawili wawili, mmoja kwa usaha wa mwenziwe, mpaka chombo kikafika ng'ambo na dawa ingali hai. Bunge la Uingereza lilimpa Jenner paundi 10,000 mwaka 1802, na 20,000 mwaka 1807. Alizihitaji, kwa sababu alikuwa akiandika barua mchana na usiku kuwajibu waganga wa nchi zote, asipate nafasi ya kuwatibu wagonjwa wanaolipa. Katika bustani yake palikuwa na kibanda cha miti na majani, na humo aliwachanja maskini bure. Hakumlazimisha mtu. Waliotaka walikuja.

Lakini wafalme wengine hawakuwa na subira. Mwaka 1807 nchi ya Bavaria ilitunga sheria ya kuwashurutisha watu wote kuchanjwa, na nchi nyingine zikafuata.

Uzeeni Jenner alipata huzuni nyingi. Mwanawe mkubwa alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, na mkewe Catherine kwa ugonjwa huohuo mwaka 1815. Kwa ugonjwa huo yeye hakuwa na dawa. Alirudi kwenye ndege wake na kuwachanja watu wa Berkeley, na tarehe 26 Januari 1823 akafariki.

Mwaka 1853 Waingereza nao wakatunga sheria: mzazi asiyemchanja mtoto wake atatozwa faini. Watu wakakasirika. Wengine walifungwa, na mwaka 1885 maelfu waliandamana katika mji wa Leicester. Mwaka 1898 serikali ikalegeza sheria, ikawaruhusu wazazi wenye kukataa kwa dhamiri. Hivyo miaka 45 ya shuruti ilikuwa imewaongoa wengi na kuwafanya wengine wakaidi zaidi.

Katika Kongo ndui iliisha mwaka 1971. Mtu wa mwisho duniani aliyeugua ndui ya kuambukizwa njiani alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Na huyo alikuwa nani? Alikuwa mpishi wa hospitali! Wafanyakazi wote wa hospitali ile walipaswa kuwa wamechanjwa, lakini yeye aliogopa maumivu ya sindano akakwepa. Siku moja aliingia katika gari lililobeba watoto wenye ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi, ikatosha. Alipona, na miaka mingi baadaye akatembea kijiji kwa kijiji akiwasihi wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe. Katika kazi hiyo alishikwa na malaria, akafa mwaka 2013.

Sasa tufike nyumbani. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imetokea Mangina, karibu na Beni. Ebola hupita kwa kugusa, na anayemgusa mgonjwa zaidi ni mwuguzi. Juma moja baadaye, tarehe 8 Agosti, chanjo ilianza Mangina, na wa kwanza kuitwa walikuwa wauguzi na waganga. Kisha wakafuatwa watu waliomgusa mgonjwa, na watu waliowagusa hao, kama pete inayomzunguka mgonjwa. Njia hiyo ya pete ndiyo iliyotumika zamani kuimaliza ndui.

Je, wauguzi walishurutishwa? Hapana. Chanjo ilikuwa bado katika majaribio, haikupata idhini ya kawaida mpaka mwishoni mwa mwaka 2019. Kwa hiyo kila mtu, hata mwuguzi, alielezwa kwanza, akaulizwa, akatia sahihi. Wengi walikubali. Baadhi walisita, kwa kuwa walisikia yaleyale yaliyosemwa mjini: kwamba chanjo yaua, au yatia utasa, au kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa. Nchi ilikuwa imechoka na vita na mauaji. Tena uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, na watu wakazidi kushuku. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, alipigwa risasi akafa katika hospitali ya Butembo, alikokuja kusaidia.

Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba mwuguzi asiyechanjwa asiruhusiwe kukaribia kitanda. Neno lao lina uzito. Mgonjwa hamchagui anayemwosha, na mama aletaye mtoto mwenye malaria hakuja kuchukua Ebola. Wauguzi na waganga zaidi ya 160 waliambukizwa katika mlipuko ule. Wengine walijibu kwamba mwuguzi naye ni mtu, ana mwili wake na hofu yake, na mahali ambapo askari wanazunguka kila siku, amri moja zaidi ingewakimbiza wauguzi porini na wagonjwa pamoja nao. Sisi twaona hawa wa pili waliifahamu Butembo vizuri zaidi kwa wakati ule. Chanjo ikiisha kuthibitishwa, na mahali pakiwa na amani, hoja ya wale wa kwanza yapata nguvu.

Mlipuko uliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa. Na chanjo yenyewe, kama ile ya Jenner, yatoka kwa mifugo. Wataalamu wa Kanada walitwaa kijidudu kiletacho malengelenge ya kinywa kwa ng'ombe na farasi, wakakivua ganda lake na kukivika ganda la Ebola, ili mwili wa mtu ujifunze kumtambua adui bila kuugua ugonjwa wake. Lazima ihifadhiwe katika baridi kali mno, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, nayo ilisafirishwa hivyo katika barabara zetu za matope.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, safari hii upande wa Butembo. Wachanjaji walifika mwezi huohuo na masanduku yao ya baridi. Waliugua watu 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ikaisha. Mwezi wa Oktoba ikarudi Beni: wagonjwa 11, waliokufa 9. Mwezi wa Desemba ikaisha huko nako.